Pete za Mguu wa Kushoto

Nianze na hili, maana watu wa hapa wameshanitangaza kwamba nimerukwa na akili: mimi Dorika sijawahi kuwa mtu wa kuona majini. Hata nilipokuwa msichana kule Kinampanda, wenzangu wakikimbia kivuli, mimi nilikwenda kuangalia ni kivuli cha nini. Hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki, hayo nayakubali. Lakini macho yangu ni mazima, na kazi yangu kwa miaka sita imekuwa kusoma namba ndogo kwenye miguu ya bata.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwaka masika yakiisha, maji ya Ziwa Kitangiri yanaanza kurudi nyuma, na bata mwitu wanajazana kwenye kina kifupi. Tunawategea vizimba vikubwa vya wavu vyenye mdomo kama wa mgono wa kutegea samaki. Bata anaingia akifuata mtama, kutoka hajui. Asubuhi tunawatoa mmoja mmoja, tunawapima uzito, tunawavisha mguuni pete ya bati jepesi yenye namba, kisha tunawaachia. Bata huyo akinaswa tena, hapa au mbugani Wembere au nchi ya mbali, namba inatuambia alitoka wapi na ameishi muda gani. Aliyetufundisha mimi na mume wangu Alute ni Bwana Mazengo, mtaalamu wa ndege kutoka Dodoma, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikatuchosha. Bata ambaye humwoni tena, alisema, usimwandike amekufa. Mwandike hajaonekana, na kifo ukiandike siku utakapokuwa na ushahidi mkononi.

Alute alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Pete ilitakiwa ivishwe mguu wa kulia, lakini yeye alimbana bata kwapani upande wa kulia, koleo akalishika kwa kushoto, na kila mara pete iliishia mguu wa kushoto. Bwana Mazengo aligomba mwaka mzima, kisha akachoka, akaandika tu kwenye daftari lake kwamba pete ya mguu wa kushoto ni kazi ya Alute. Mimi nilimtania mume wangu kuwa bata wake watakwenda wanachechemea hadi Wembere. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Alipenda pia kuwaitikia bata wenye uso mweupe, ambao sauti yao ni mluzi wa mikato mitatu, na ukiusikia alfajiri unadhani ni mtu anamwita mwenzake.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano, Alute alichukua mtumbwi saa kumi na moja jioni kwenda kufunga mlango wa mtego wa mwisho, ule ulio karibu na miti iliyokufia majini. Alikuwa na koleo, daftari la akiba na waya uliotungwa pete mpya thelathini, namba 371 mpaka 400. Hakurudi. Kulipokucha tuliukuta mtumbwi umeingia kwenye matete, kasia limelazwa ndani, viatu vyake vimepangwa sambamba. Mlango wa mtego ulikuwa umefungwa na ndani hapakuwa na bata hata mmoja. Tulitafuta siku tisa, hatukupata mwili, hatukupata koleo wala waya. Polisi waliandika kwamba inadhaniwa amezama, na wavuvi wakasema ni kiboko.

Haikupita miezi sita, shemeji yangu Andrea, mdogo wake Alute, akaanza kuniambia tuweke msiba, tumzike kwa nguo zake, mambo yaishe. Nilikataa. Nilimwambia mbele ya wazee wa ukoo kwamba bata wa porini, asiye na jina, tunamsubiri miaka kabla ya kumwandika amekufa, sembuse kaka yake wa tumbo moja. Wazee waliangalia chini. Nadhani ndiyo siku waliyoanza kusema kichwa changu hakiko sawa.

Nilibaki ndani ya nyumba moja na mama mkwe wangu, mama yake Alute. Sisi wawili tulipatana, jambo ambalo liliwashangaza wengi kwa jinsi ninavyojulikana. Mwaka huu, masika yalipokuwa yakiisha, moyo wake ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa halali ila kwa kuegemea mto. Zahanati walimpa dawa na kutuambia tusimwache peke yake. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya moto, akaniuliza bila kuniangalia.

"Mwanangu, safari yangu imekaribia. Nikifika kule, nimtafute Alute au nisimtafute?"

Akaendelea kusema, taratibu kabisa, kwamba kama Alute yuko huku na yeye anamtafuta kule, atazunguka bila mwisho. Alitaka jibu kabla hajaondoka. Niliendelea kukanda ile miguu huku machozi yananitoka, na kuanzia hapo sikuwa nasubiri kwa ajili yangu tena. Nilikuwa natafuta jibu la yule mama.

Mwezi wa sita tulianza kutega. Bwana Mazengo alikuwa bado Dodoma, kwa hiyo kazi ilikuwa mikononi mwangu. Jumanne ya kwanza, mitego mingine ilikuwa imejaa bata wanapigana mbawa, lakini ule wa kwenye miti iliyokufa ulikuwa na bata mmoja tu, wa uso mweupe. Alisimama katikati ya wavu, kimya, ananitazama. Bata wa porini akiona mkono hujipigiza mpaka anajiumiza. Huyu nilimwinua akatulia kwenye kiganja changu na moyo wake unapiga polepole. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete.

Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Tope la Kitangiri linaganda, na namba huwa hazisomeki, kwa hiyo mtumbwini nina kopo la majivu. Nachovya kitambaa, nasugua pete vile vile ninavyosugua sufuria nyumbani, mpaka inang'aa, ndipo nasoma. Nilisugua nikasoma. Ilikuwa 371.

Niliisoma mara tatu. Niligeuka kuangalia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu ameniita. Pete ilikuwa inang'aa, mpya kabisa, haina mkwaruzo. Nikajisemea kwamba pete hii imevishwa jana au juzi. Alhamisi, kwenye mtego ule ule, akaja bata mwingine peke yake, mguu wa kushoto, namba 372. Jumapili akaja wa 373. Walikuwa wanakuja kwa zamu, mmoja mmoja, wametulia, kwa mpangilio ule ule waliokuwa nao kwenye waya.

Nilimpigia simu Bwana Mazengo. Aliuliza kwa sauti ya upole, ile ya kuongea na mgonjwa, kama si mimi niliyeuokota ule waya na kuwavisha bata mwenyewe. Nilimkatia simu. Nililitupa kasia ndani ya mtumbwi, nikakaa pale majini jua likinichoma.

Ilipofika 375 nilishindwa kujizuia. Nilikwenda kitandani kwa mama nikamwambia Alute yu hai, yuko mahali fulani kwenye matete, anavisha bata pete. Sikusema labda. Nilisema yu hai. Mama alinishika mikono akailaza kwenye uso wake, na siku hiyo alikula ugali wote. Kesho yake aliomba atolewe nje, akae mlangoni. Jioni alidai chakula cha Alute kiwekwe pembeni na mlango usifungwe komeo, maana mtu akirudi amechoka asianze kubisha. Andrea alikuja akaona sahani imefunikwa, akanitazama kwa chuki, akaondoka bila kunywa hata maji.

Na mimi nilianza mambo yangu. Nilibeba ugali na samaki mkavu kwenye kitambaa, nikauweka juu ya gogo kati ya ile miti iliyokufa. Asubuhi kitambaa kilikuwepo, chakula hakipo. Najua kunguru wanaweza. Nililiita jina lake kwa sauti kubwa, na kutoka ndani ya matete ukanijibu mluzi wa mikato mitatu. Nikaita tena, nikajibiwa tena. Bata wale hupiga mluzi wakiwa wanaruka kundi, na asubuhi hiyo mbingu ilikuwa tupu, maji yamelala, hakuna ubawa uliokuwa unatikisika. Nilisogeza mtumbwi mpaka kwenye matete nikayatenganisha kwa kasia. Sikuona kitu, ila maji ya pale yalikuwa yametibuka.

Bwana Mazengo alifika mwisho wa mwezi, akapanga chumba Shelui, akawa anakuja kila asubuhi kwa pikipiki. Siku ya bata wa kumi na mbili nilichelewa kwa sababu mama alikuwa ameamka vibaya. Nilipofika kwenye mtego nilimkuta yeye amesimama majini hadi kiunoni, bata amembana kwapani. Nikachukua kopo langu la majivu. Akaniambia nisubiri, akanigeuzia ule mguu wa kushoto niutazame kabla ya kuugusa.

Pete ilikuwa nyeusi. Kingo zake zilikuwa zimelika zikawa nyembamba kama ukucha, na namba 382 ilikuwa imefifia, inaonekana kwa kuikazia macho.

"Dorika, hii imekaa kwenye maji ya chumvi ya huku miaka mitatu," alisema. "Zile nyingine uliziangalia kabla hujazisugua?"

Sikuwa nimeziangalia. Niliona tope, nikafanya ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya akiona kitu kimeingia weusi. Kumi na moja nilizing'arisha kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikashangilia kwamba ni mpya. Ukingo uliolika sikuuona kwa sababu sikutaka kuuona.

Bwana Mazengo alinieleza bila haraka. Jioni ile Alute lazima aliukuta mtego umejaa, na kwa jinsi alivyokuwa hapendi kazi ilale, aliwavisha wote pete peke yake na kuwaachia, ndiyo maana mtego ulikutwa mtupu. Kisha likatokea lililotokea, na daftari likazama naye. Bata walikwenda zao Wembere, wakaishi huko, na mafuriko ya mwaka huu yamewarudisha. Alisema kwa heshima kwamba ile ilikuwa kazi ya mwisho ya Alute. Nilimuuliza kwa nini basi wanakuja mmoja mmoja, kwa mfululizo wa namba, kwenye mtego uleule. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akasema hilo hajui. Nikamwambia miwani yake inaona kutu tu, mtu haimwoni. Hakustahili maneno yale, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Sasa ikabidi nirudi nyumbani nikalifute neno langu. Mama alikuwa mlangoni, sahani ya jana imefunikwa kando yake. Nilipiga magoti nikamweleza yote, majivu, kutu, mafuriko, nikamwambia nilikosea, Alute alikufa siku ile ile. Nilitegemea alie au anilaani. Alitazama ziwa, kisha akaomba kanga yake, akajifunika mabega.

"Basi sasa nimejua pa kwenda," alisema.

Tuliweka msiba. Andrea alikuja na ndugu wote, akanisaidia kubeba maji, hakunitupia neno hata moja, nami nikaona aibu kwa yote niliyowahi kumwambia. Tulizika koti la Alute na vile viatu, mchungaji akasoma, tukalala chini siku tatu, tukanyoa nywele. Nililia kilio changu cha miaka mitatu mpaka sauti ikakauka. Baada ya kuanua matanga, mama alibadilika. Hakuulizia mlango wala sahani. Alikuwa amelala kitandani, mwepesi, anapanga atakayomwambia mwanawe wakionana, kwamba shamba la mtama halikuuzwa, kwamba Andrea amezaa mapacha. Kwa mara ya kwanza tangu masika alilala usiku kucha bila kuamka. Nami nilikuwa nalala pembeni yake, nasikia pumzi yake imetulia, na nilishukuru kwamba jibu limepatikana, hata kama ni lile nililolikimbia.

Siku ya kumi baada ya msiba nilirudi kazini. Bwana Mazengo alikuwa kwenye mitego ya upande wa pili. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya maji, na ile miti iliyokufa ilionekana nusu. Kwenye mtego kulikuwa na bata mmoja, amesimama katikati, kimya.

Kopo la majivu sikuligusa. Nilimwinua nikamgeuza polepole. Pete ilikuwa mguu wa kushoto, nyeupe, kingo zake nene, namba imekaa wazi kama ilivyotoka kiwandani: 383. Juu yake kulikuwa na tope bichi, na kwenye tope alama ya kidole gumba. Niliweka gumba langu pale. Alama ilikuwa pana kuliko kidole changu.

Nilitaka kujiambia kwamba hata hii ni ya zamani, kwamba tope lilikuwa limeikinga. Ndipo nikamwangalia bata mwenyewe usoni. Bata wa aina hii akizaliwa uso wake huwa wa rangi ya vumbi, na weupe unamjia baadaye. Huyu uso wake ulikuwa bado vumbi tupu. Alikuwa ametotolewa masika haya. Miaka mitatu iliyopita hakuwepo duniani.

Kutoka kwenye matete ulipigwa mluzi wa mikato mitatu. Sikuitika. Nilikuwa nimeogopa, na nasema wazi, sikuogopa kwamba kuna mzimu. Niliogopa kwamba nimemzika mtu ambaye ama yu hai, ama yuko katika hali nisiyojua jina lake, na bado anafanya kazi yake. Niliita Alute mara moja tu, kwa sauti ndogo. Matete yalitulia, na mluzi haukurudi. Nilimngoja mpaka jua likaumaliza ukungu, hakuna aliyetoka.

Nilifuta lile tope kwa kidole, nikamwachia bata. Hakuruka kwenda Wembere, aliogelea kuingia kwenye matete. Kwenye fomu sikuandika kitu, na Bwana Mazengo aliponiuliza ule mtego umekamata nini nilisema ulikuwa mtupu.

Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Nikimwambia mama, ataomba atolewe mlangoni, sahani itawekwa, komeo litaachwa wazi, na ataondoka akiwa hajui aende wapi. Nisipomwambia, nitakuwa nimemficha mwanawe mama anayekufa. Niliingia ndani, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini sana. Aliniuliza nimeona nini huko ziwani.

"Bata tu, mama."

Mkono wake ulikuwa baridi, akautafuta wangu juu ya shuka.

"Nikimkuta, nikusalimie?"

Nilimwambia ndiyo, anisalimie sana. Akafumba macho anatabasamu. Alikata roho Jumamosi mchana, jina la mwanawe mdomoni, akaenda kumtafuta mahali ambapo mimi nilijua hayupo.